Mfinyanzi wa Anakoketi

Ukimuuliza mfinyanzi wetu anatoka wapi na mzigo wake wa udongo, alikuwa akikutajia mahali pasipokuwa kwenye ramani yoyote. "Natoka Anakoketi." Au: "Nimepitia Asipotazama, ndiyo maana nimechelewa." Mgeni angedhani ni bibi aliyechanganyikiwa. Mimi nilikuwa mgeni, na ndivyo nilivyodhani.

Nilipangiwa kufundisha shule ya kijiji kile, upande wa Ihanda, miaka ya ruksa ilipoanza, maduka yalipoanza tena kuwa na sabuni. Nyumba yangu ya mwalimu ilipakana na uwanja wake wa kuchomea vyungu. Kwa hiyo nilikaa na moshi wake karibu miaka ishirini, na huwezi kukaa na moshi wa mtu muda wote huo usimjue. Alikuwa mjane tayari, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo udongo ulikuwa umeingia kwenye kucha ukakataa kutoka hata Jumapili. Watoto walimwita Bibi Mfinyanzi, wakubwa wakamwita Mfinyanzi, na mimi nilimwita bibi tu.

Habari ya majina yake niliigundua darasani. Niliwapa darasa la tano kazi ya kwenda nyumbani kuuliza majina ya vilima, mito na mabonde ya kijiji, na asili ya kila jina. Walirudi na majibu ya kawaida. Mahali fulani pameitwa kwa mti uliokuwapo, pengine kwa maji yake machungu, pengine kwa vita vya zamani. Lakini sehemu kubwa zilikuwa zimeitwa kwa watu. Mtu alifyeka pori, akajenga, akazaa, akafa, jina lake likabaki juu ya ardhi. Nusu ya nchi yetu tunaitamka kwa majina ya marehemu na hatujali. Sasa mtoto mmoja akaniletea majina mawili kwa kila mahali.

"Mbona mawili?" nikamuuliza.

"Hili la baba, mwalimu. Hili la Bibi Mfinyanzi. Bibi amesema la baba yeye hawezi."

Jioni ile nikaenda kwake na kiti changu. Akanieleza huku akikanda udongo, kwa Kiswahili chake kizito cha Kindali, kwa maana alikuwa ameolewa kutoka Ileje. Kwa desturi ya kwao mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamwangalii usoni, hapiti naye njia moja, akimwona kwa mbali anaacha njia. Baba mkwe wake ndiye aliyeanzisha upande ule wa kijiji. Kwa hiyo bonde lilikuwa na jina lake, kijito kilikuwa na jina lake, na kilima kilikuwa na jina lake. Wanyiha, alikoolewa, walikuwa wameyalegeza mambo hayo zamani. Yeye hakulegeza.

"Sasa mlikuwa mnasemaje?" nikauliza. "Mtu atumwe majini asiseme anakwenda wapi?"

"Tulikuwa wakamwana wanne, wote wa Ileje. Tukapaita wenyewe."

Bonde ambako mzee alipenda kukaa juu ya jiwe akitazama ng'ombe wake, wakalipa jina la Anakoketi. Njia yake ya asubuhi ikawa Anakopitia. Na pale kijito kinapopinda nyuma ya mwamba, ambapo wanawake waliweza kuoga na kusemana na kucheka kwa sauti, pakawa Asipotazama. Aliyatamka kwa Kindali. Ninayaandika kwa Kiswahili kama alivyonitafsiria. Niliyaandika yote kwenye daftari, na nikaona kwamba wanawake wanne walikuwa wamechora ramani nzima ya kijiji kwa kumkwepa mtu mmoja.

Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Ramani ile ilibaki na msemaji mmoja.

Nilimpenda, na niseme pia alikuwa na mdomo. Sokoni alitukana bila kuinua sauti. Aliponda biashara ya wenzake mbele yao: "Hicho nacho chungu? Kikiona moto kitajikojolea." Tunduma alikwenda kila baada ya mavuno, mitungi imefungwa kwa nyasi juu ya lori la mahindi, na akishafika mpakani alikuwa mtu mwingine, anapinda mgongo na kuwaamkia wanawake wa Zambia kwa lugha yao, "mulishani mukwai" kwa sauti ya asali mpaka wanunue. Akirudi ananiiga walivyotembea. Nyumbani kwake alikula kwenye bakuli la plastiki lililoungua ukingo. Nikimtania kwamba mfinyanzi hulia gaeni, anajibu, "Gae ningekuwa nalo ningeliuza."

Uchawi hakuutaka hata kuusikia. Alikuwa mzee wa kanisa. Mganga mmoja wa kupita alipomwambia vyungu vyake vinavunjika kwa sababu ya jicho la jirani, alimfukuza na ule mti wa kugeuzia vyungu motoni, ukiwa bado una makaa. "Vinavunjika kwa sababu nimevikausha vibaya!" alimpigia kelele. Kwa hiyo msinifanye niseme alikuwa mshirikina. Ndiyo maana lile la njiani sijapata pa kuliweka mpaka leo.

Tulikuwa tunatoka kisimani, saa nne asubuhi, jua kali, mahindi yamefika kiunoni. Yeye mbele na mtungi kichwani, mimi nyuma na ndoo. Ghafla akaacha njia. Akaingia kwenye mahindi hatua tano au sita, akageuka akaipa njia mgongo, akachuchumaa na mtungi wake umejaa maji, hata tone halikumwagika. Nilibaki nimesimama katikati.

"Toka njiani, mwalimu," akasema, ameuma meno.

Nikacheka. Nikatoka, maana ni mtu mzima amesema. Njia ilikuwa tupu mbele na nyuma. Tukakaa hivyo kwa muda wa mtu kupita akitembea polepole, mtu mzee. Kisha akainuka. "Amepita," akasema, na akaendelea na habari ya bei ya chumvi aliyokuwa ameiacha katikati. Baba mkwe wake alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa. Niliporudi njiani nilinusa ugoro, ule mbichi unaochoma pua. Nikajiambia kuna mtu anavuta ugoro kwenye shamba la jirani. Wavuta ugoro ni wengi.

"Humwogopi?" nilimuuliza siku nyingine.

"Kwa nini nimwogope? Hakunipiga hata siku moja. Alinipa ruhusa ya kuchimba udongo wake." Akafikiri. "Namheshimu. Ukimheshimu mtu muda mrefu hivi, anazoea."

Alikuwa na msemo wake: jina ni mlango, usigonge kama huna shida. Na mwingine: wanaume wanaita mahali kwa kujisifu, wakamwana wanaita kwa kazi. Mimi sikuwahi kuolewa, na hilo lilimchekesha kuliko mambo yote ya dunia. "Wewe mwalimu una raha. Unaweza kumtaja kila mtu. Mdomo wako hauna mkwe."

Na kweli nilikuwa nalitaja jina lile. Nililitaja darasani, nikalichora ubaoni, nikawauliza watoto maana yake. Nilikuwa nalitaja mbele yake pia, kwa usahaulifu, na kila mara alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Udongo wa Anakoketi ndio uliokuwa maisha yake. Mweusi, laini, hauna changarawe. Chungu kilichotokana nao ukikigonga kilijibu kama kengele. Sharti lake lilikuwa moja: ukiwa shimoni unachimba, husemi. Binti mmoja aliyekuja kujifunza kazi alisema, tena alisema jina lenyewe, kwa kujaribu tu, akacheka. Alitoka shimoni sauti imekauka na haikurudi mpaka mahindi yalipovunwa. Zahanati walisema ni koo. Nami nikasema ni koo, na bado nasema. Lakini wale mabinti wengine waliokuwa wanakuja kujifunza hawakuja tena.

Sasa nifike kwenye lile linalonisumbua.

Mtoto wa shemeji yake alikuwa akiishi Chapwa, pale Tunduma, na mambo yake yalikuwa yamemnyookea kidogo. Mji ulikuwa unajengwa, kila mtu anatafuta tofali. Akatokea mtu wa kununua bonde ili achimbe udongo wa tofali, na kijana akasema bonde ni la ukoo, yeye ndiye mkubwa aliyebaki, anauza. Mfinyanzi akaenda kulalamika Baraza la Kata. Na mjumbe mmoja wa baraza hilo, miaka hiyo, nilikuwa mimi.

Karatasi alikuwa nayo. Ukoo ulikaa kikao mumewe alipofariki, wakaandika kwamba mjane apewe bonde, na bonde likaandikwa kwa jina lake, yaani jina la mzee, vidole gumba vimepigwa chini. Kijana hakuikana karatasi. Alikuwa na akili kuliko hiyo.

"Waheshimiwa," alisema, "mabonde yenye jina la babu yangu ni mawili. La juu la mawe, na hili la udongo. Mama mkubwa alipewa la juu. Mwulizeni mwenyewe hili analiitaje. Miaka yote analiita jina lingine kabisa."

Hapo alimpata. Kijiji kizima kilijua analiita jina lingine.

Tukaenda kuliona eneo. Mwenyekiti, karani, wajumbe watano, kijana na mnunuzi wake, na Mfinyanzi, ambaye alikuja amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Tukasimama ukingoni mwa bonde. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, ila alipenda mambo yaandikwe.

"Mdai ataje eneo analodai," akasema. "Kwa mdomo wake. Karani aandike."

"Hapa ni Anakoketi," akasema.

"Bibi, hilo halimo kwenye karatasi."

"Nalijua lililomo."

"Basi litaje."

Akatikisa kichwa. Nikasema kwamba ni desturi, mjumbe mwingine anaweza kumtajia. Kijana akaruka: "Akitajiwa si ushahidi!" Na kwa sheria alikuwa na haki. Mwenyekiti akasema kama mdai hawezi kutaja shamba lake, baraza litampaje? Akatoa dakika chache.

Nikamvuta pembeni. Nayakumbuka maneno yangu yote, na ningependa kuyasahau. Nilimwambia, "Bibi, liseme mara moja tu. Amekufa siku nyingi. Udongo huu ukienda utakula nini? Hakuna atakayekusikia zaidi ya sisi."

Aliniangalia. "Wewe ndiye unayeniambia, mwalimu?"

"Mimi ndiye ninayekuambia."

Akavua kandambili. Akalipa bonde mgongo, akalisema, kwa sauti ya mtoto aliyefanya kosa. Karani akasema hajasikia. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Rudia bibi, kwa sauti." Akarudia kwa sauti, ile sauti yake ya sokoni.

Na mtu akaitika. "Naam."

Ilikuwa ni sauti ya kawaida, ya mwanamume, ya mtu aliyeitwa akiwa na kazi yake. Hakuna aliyeshtuka wakati ule, kwa sababu kila mmoja alidhani ni mwenzake. Mwenyekiti alidhani ni mnunuzi. Mimi nilidhani ni karani. Ni baadaye, tukiwa njiani kurudi, karani aliponiuliza ni nani aliyekuwa ameitika kule chini, ndipo tukaanza kuulizana, na tulipomaliza kuulizana hakuna aliyetaka kuendelea. Huenda kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe bondeni. Ng'ombe hatukuwaona.

Tulimpa ushindi. Hukumu niliisoma mimi mwenyewe, na jina limo humo mara saba. Kijana akarudi Chapwa, mnunuzi akapata udongo kwingine. Nilitegemea Mfinyanzi atanishukuru, niseme ukweli. Aliitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani kwa njia ndefu, ile inayozunguka nyuma ya shule.

Wiki ile hakuchimba. Wala mwezi ule. Nikadhani anapumzika. Vyungu vilivyobaki aliviuza, uwanja wa kuchomea ukaota majani, na siku moja nikamkuta anateka maji kwa ndoo ya plastiki ya njano kutoka Tunduma. Watu wakasema uzee, na tena nani siku hizi anataka mtungi? Mimi nilijua kwamba ana nguvu za kutosha. Lakini nikapata uhamisho wa kwenda Itaka, nikaondoka bila kumuuliza. Nilikuwa naogopa jibu, hilo tu.

Nilirudi miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, kuhudhuria msiba wa mwalimu mwenzangu. Mchana nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi ndani, amelipa dirisha mgongo, dirisha linaloelekea bondeni. Macho yalikuwa yamefifia ila mdomo ulikuwa vilevile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Itaka kuna vyakula."

Tukacheka. Akaniuliza habari za kazi, za miguu yangu. Kisha akasema bila kubadilisha sauti, "Bonde mlinipa, mwalimu. Njia ya kwendea mkaifunga."

Akaendelea, kwa upole, kama anayemweleza mtoto hesabu. Mkamwana aliyemtaja baba mkwe hawezi kukanyaga anapokaa. Anakwendaje? Anaingia na uso gani? Wakamwana wenzake wangekuwapo wangemwendea, wakamwombea msamaha, ndiyo kazi yao. Wote wamelala. Miaka yote hii analiona bonde lake kwa kisogo.

"Nataka kufinyanga chungu kimoja kabla sijafa," akasema. "Kimoja tu. Mikono inaniuma kwa kukaa bure."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti. Akaniacha nilie, kisha akanyanyuka, akakamata kuku mwekundu aliyekuwa chini ya kitanda, akamfunga miguu, akanikabidhi.

"Wewe huna mkwe. Mdomo wako uko huru. Nenda mpaka kwenye jiwe lake, mwite, mwambie mkamwana wake alilazimishwa. Muachie kuku uje."

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwanga mweupe kabisa. Nilikwenda nikijiambia kwamba namfanyia mzee huruma, basi. Bonde halikuwa limechimbwa tangu siku ya baraza. Kijana hakuthubutu, na wengine pia hawakuthubutu. Nilitegemea kukata majani kwa miguu. Lakini njia ya kushukia ilikuwapo, nyeupe, imekanyagwa vizuri, upana wa mtu mmoja. Kuku alikuwa akipiga kelele tangu nyumbani. Tulipoanza kushuka akanyamaza.

Jiwe liko pale chini, bapa, limelainika kwa juu. Nikamweka kuku chini. Nikafungua mdomo nimwite kwa jina, lile jina nililoliandika ubaoni, nililolisoma mara saba mbele ya watu. Nililikumbuka barabara, herufi kwa herufi. Halikutoka. Nilihisi aibu, aibu kama ya kuingia chumba ambacho mtu mzima amekaa na wewe hujabisha. Macho yangu yalishuka yenyewe yakatazama miguu yangu. Nikapiga magoti kwenye udongo ule mweusi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Nikayasema yote niliyotumwa, na la kwangu nikaongeza, kwamba aliyemlazimisha ni mimi. Kisha nikangoja, kama mtu anavyongoja akishaamkia. Ninachojua ni kwamba harufu ya ugoro ilikuja, na kwamba sikuinua macho.

Nilipofika kwake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo.

"Umemwitaje?"

Nilitaka kudanganya. "Nimemwita baba," nikasema. "Jina limenishinda."

"Ameitikia?"

"Sijui, bibi. Sikuinua macho."

Alinitazama kwa yale macho yake yaliyofifia, na uso wake ukalegea, nikaona jinsi alivyokuwa alipokuwa msichana.

"Basi umeolewa, mwalimu," akasema.

Akaingia ndani, nikamsikia anahangaika nyuma ya mlango, akatoka na jembe lake dogo la kuchimbia, limeota kutu. Akalikung'uta kwenye kizingiti na kuniambia kesho alfajiri anashuka Anakoketi. Niliposhika mkoba wangu nirudi msibani kwa njia niliyojia, ile inayopita ukingoni mwa bonde, akanishika mkono.

"Siyo huko," akasema. Akanionyesha njia ya nyuma ya shule, ya kuzunguka, wanayopita wakamwana. Nikaifuata.